Chai ya Mshauri

Mutuini, Dagoretti
4 Agosti 2025

Mwanangu Debra,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Ninaandika nikiwa nimevaa sweta mbili na ile kofia ya sufu ya baba yako, aliyoisahau hapa. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi na mkaidi, nikampa jina la mwalimu mkuu wangu wa mwisho. Barabara yetu wameichimba tena na hawajasema wanatafuta nini. Kanisani wamenichagua mwenyekiti wa akina mama kwa sababu nilikuwa nimetoka kidogo wakati wa uchaguzi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo. Sababu ni hii. Baba yako aliniunganishia WhatsApp na kompyuta yake ili niangalie video za kwaya kwa kioo kikubwa, na tangu siku hiyo kila ujumbe wangu hulia kwake kwanza. Nikipiga simu nikiwa jikoni, anasikia, maana siku hizi sikio lake liko upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Nikipiga nikiwa shambani, majirani wanasikia. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia, na nitaipeleka barua mwenyewe mjini, kule River Road kwenye ofisi ya mabasi ya Lodwar, pamoja na mfuko wa avokado.

Baba yako hajambo. Anaishi karibu.

Sasa niambie habari za Clifford. Ulisema Desemba angependa kuja na watu wao kutusalimia. Mpango bado upo? Nijue mapema, kwa sababu viti vya kukodi hugombaniwa mwezi huo, na sitaki wageni kutoka Kisumu wakae kwenye ndoo.

Kunywa maji mengi. Mimi mama yako,
Mwalimu Wangeci


Lodwar
15 Agosti 2025

Mpendwa Mama,

Salamu zako za baridi nimezipokea kwa wivu. Huku joto limefika mahali ambapo hata mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo ya stima. Kazi ya maabara inaendelea, watu wa malaria ni wengi, lakini tunamudu. Avokado zilifika. Zile za juu zilikuwa nzima, za chini zilikuwa zimeshakuwa supu, na karani wa mabasi alinikabidhi mfuko akiwa ameushika mbali na suruali yake.

Sasa, Mama. "Anaishi karibu." Karibu na nini?

Nilimpigia Baba baada ya kusoma barua yako. Nikasikia mtoto akilia, mtu akikaanga vitunguu, na sauti ya mwanamke ikiuliza nani amemaliza maji ya tangi. Nikamuuliza yuko wapi. Akaniambia yuko ofisini. Mama, Baba alistaafu Mei, na nilikula keki ya kumuaga. Nikampigia baba mkubwa Mbuthia, akasema ni mambo ya watu wazima na nisiyaingilie. Nina miaka thelathini na mmoja.

Basi nimeyaingilia. Kuna mama anaitwa Bi. Kasyoka, ni mshauri wa familia, na anafanya kazi yake kwa mtandao. Watu huzungumza naye kwenye kompyuta wakiwa kwao, yeye akiwa kwake. Mwenzangu hapa kazini alimtumia na mumewe, na sasa wanasalimiana. Nimewaandikisha nyinyi wawili, kila Alhamisi saa kumi jioni, kuanzia mwisho wa mwezi huu. Nimeshalipia hadi Desemba, na ninakujua, hutaacha kitu kilicholipiwa kiharibike. Kompyuta yangu ya zamani iko kwenye kabati la chumba changu.

Masharti ni machache. Chumba kiwe kimya, muwe wawili tu, na kila mtu aseme ukweli. Hayo mengine tutaongea baadaye.

Binti yako,
Debra


Mutuini
29 Agosti 2025

Debra mwanangu,

Habari za joto? Ndama hajambo, jana alikula kitambaa cha altare kilichokuwa kwenye kamba. Mimi sijambo. Baridi imepungua kidogo, na nimepanda mboga kule nyuma.

Umeuliza karibu na nini. Karibu na bomba. Baba yako anaishi Nyumba Nambari Nne, katika vile vyumba vyetu vya kupangisha vilivyo nyuma ya jikoni, kati ya Ogutu fundi wa magari na msichana wa saluni. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, nikawa nangoja iishe, nayo ikakataa.

Ilikuwa hivi. Wiki ya kwanza ya kustaafu alilala. Wiki ya pili alinipangia sufuria kwa ukubwa. Iliyofuata akabandika karatasi kwenye kila mkebe, CHUMVI, SUKARI, MAJANI YA CHAI, kana kwamba mimi niliyempikia miaka yote hii nilikuwa nabahatisha. Akaanza kusimama nyuma yangu nikimenya viazi, akisema maganda ni mazito. Halafu asubuhi moja nikakuta kwenye friji ratiba ya kazi za nyumbani. Jina langu lilikuwa kwenye kila mstari, na chini kabisa: "Msimamizi: Haron." Debra, mimi wakaguzi wa wizara walikuwa wanakuja darasani kwangu na kukaa nyuma kimya. Nikamwambia kama anataka ofisi, aende atafute ofisi.

Alienda siku hiyo hiyo. Kwanza alibeba meza, nikasema sawa. Kisha kiti. Jioni nikamwona anavuka uani na godoro kichwani na tai shingoni, nikajua hilo halikuwa la ofisi.

Sasa, kikao. Uliandika tuwe wawili tu. Nilisoma. Lakini tangu lini kesi ya ndoa ikasikizwa na watu wawili? Na mgeni aje nyumbani kwangu mara ya kwanza akute nyumba tupu? Nikamwita Mbuthia awakilishe upande wa baba yako, na akina mama wanne wa kanisa wawe upande wangu. Kompyuta tukaiweka kwenye meza kubwa, juu ya kitambaa cha kufuma, pale anapokaa mchungaji akija. Nikapika chai na mandazi.

Baba yako alikataa kuvuka uani. Alisema kama jambo ni la mtandao, mtandao unafika hata Nambari Nne. Akaingia kikaoni kwa kompyuta yake akiwa huko huko. Alipokohoa nilimsikia kwanza kupitia ukutani, halafu kwenye kompyuta.

Bi. Kasyoka akatokea. Ni mama wa makamo mwenye miwani, na nyuma yake kuna rafu ya vitabu. Alituhesabu kwa macho, akauliza, "Hamjambo. Hapo ni familia ngapi?" Mbuthia akasema kwanza tufungue kwa maombi. Alipofika kwa wagonjwa na walio safarini, nilichungulia, nikaona mshauri bado amefumba macho, na kwa hilo ninamheshimu. Baada ya amina akasema kwa upole kwamba angependa kubaki na mama na mzee pekee.

"Mimi nimepatanisha watu hii Mutuini yote," Mbuthia akasema. "Leo nafukuzwa na computer?"

Walihamia jikoni na mandazi. Vicheko vyao vilikuwa nasi hadi mwisho wa kikao.

Nilikuwa nimemmiminia Bi. Kasyoka chai na kuiweka mbele ya kompyuta. Akauliza hicho kikombe ni cha nani. Nikamwambia ni chake, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kusikia shida za nyumba hii kabla ya kupewa chai. Alicheka, akashukuru, akasema yeye kwa kweli hunywa ya rangi, bila maziwa wala sukari, na tangawizi ndiyo asiiguse kabisa kwa sababu inamchoma kifua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hii hatainywa. Baba yako aliusogeza uso karibu na kompyuta yake kukitazama hicho kikombe.

Kisha tukaulizwa kila mmoja aeleze shida ni nini. Baba yako alisema hakuna shida, yeye yuko kazini. Mimi nikasema hakuna shida, yeye yuko kazini. Bi. Kasyoka akasema angalau kuna jambo moja tunakubaliana, tukaagana hadi Alhamisi nyingine.

Kuhusu Clifford hukunijibu.

Mama yako


Lodwar
10 Septemba 2025

Mama,

Hujambo, na ndama hajambo? Mwambie Baba nimemsalimu, au mpigie ukuta. Mimi ni mzima. Mvua moja imenyesha, watu wakatoka nje kuitazama.

Barua yako niliisomea kazini wakati wa chakula, nikacheka hadi wenzangu wakafikiri nimepandwa na homa. Nilipofika pale kwenye godoro na tai nililia. Sijui yalikuwa machozi ya nini.

Tafadhali, kikao ni cha wewe na Baba. Baba mkubwa akitaka kuomba, aombe kwake, Mungu anasikia hata kutoka huko. Akina mama wa kanisa ndio kabisa. Nunua vile vidude vya kuvaa masikioni, ili Baba asikusikie mara mbili.

Na Mama, usijibu tu kwamba hakuna shida. Mtu akiwa na malaria halafu aniambie hana kitu, mimi bado nitamtoboa kidole.

Nimekutumia samaki wakavu wa ziwani, fungua mfuko ukiwa nje ya nyumba.

Clifford hajambo.

Debra


Mutuini
6 Oktoba 2025

Debra mwanangu,

Salamu kutoka kwa watu wote wa hapa, na hasa kutoka kwa paka, ambaye tangu samaki wako wafike hatoki mlangoni. Viazi vimekubali. Baba yako huuliza kila mara, "Maitu amepiga simu?" Bado anakuita mama yake, kwa sababu umebeba jina lake, na bado husimama anapokutaja.

Nilikwenda hadi Adams Arcade kununua vidude vya masikio. Kuna vya waya na visivyo na waya. Nikachukua vya waya, maana vile vingine vinahitaji kuchajiwa, na baba yako angenitengenezea ratiba. Sasa tunasikiana mara moja tu.

Bi. Kasyoka ametupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja jema, kila siku. Baba yako kumwambia mtu jambo jema kwa mdomo hawezi, unajua alifanya kazi maisha yake yote katika ofisi ya kumbukumbu. Kesho yake nikakuta karatasi chini ya mlango wa jikoni. Nimekunakilia kama ilivyo:

"KWA: Mke. KUTOKA: Nyumba Na. 4. KUH: CHAPATI. Rejelea chapati za jana jioni, ambazo harufu yake ilifika ofisi hii. Zilikuwa nzuri. Wako mwaminifu, Haron."

Mkono wangu ulishika kalamu nyekundu wenyewe. Nikampa saba kwa kumi, nikaandika, "Wazo zuri. Fafanua," nikairudisha chini ya mlango wake. Asubuhi ikaja nyingine:

"KUH: CHAPATI (NYONGEZA). Zilinikumbusha zile ulizopika siku tulipohamia hapa, kabla nyumba haijawekwa mlango, tukala tumekalia mawe ya ujenzi, nawe ukasema hapa panatosha."

Nilikaa nayo jikoni hadi maziwa yakamwagikia jiko. Nikampa tisa. Mimi pia huwa namwandikia, lakini ninayoyaandika ni ya mimi na yeye.

Usifikiri mambo yamekwisha. Kwenye kikao akiulizwa atarudi lini, hutazama dari. Na sasa kuna watu wasiotaka arudi. Juzi Ogutu alinisimamisha hapo bombani, amevua kofia kama mtu aliyetumwa.

"Mama Debra, tumeskia kuna daktari wa computer anataka kurudisha mzee kwa nyumba," akasema. "Sisi tunaomba tu msiharakishe. Tangu mzee akuje huku, maji inatoka. Stima ya corridor inawaka. Choo iko na mlango. Hiyo mlango tumeomba toka mwaka juzi, akituambia ataangalia. Sasa ameangalia."

"Mnataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Mkosane tu kidogo hadi tupate gutter ya maji ya mvua."

Nilirudi jikoni nikicheka, na nilipoanza kutwanga tangawizi ya chai ya mshauri nikagundua sicheki tena. Watu wa Nambari Tatu wanajua baba yako anaamka saa ngapi, mimi sijui.

Kikombe bado ninakiweka kila Alhamisi. Alhamisi iliyopita baba yako alidakia katikati ya kikao. "Hiyo chai ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mshauri. "Na kikao kikiisha huwa inaenda wapi?" Nikamwambia hilo haliihusu ofisi yake. Bi. Kasyoka akaandika kitu. Baba yako huko anakunywa chai ya kile kifuko cha kamba, nimekiona kikining'inia kwenye kikombe chake kwenye kioo.

Sasa wewe. Umeandika "Clifford hajambo" na kunyamaza. Nimesahihisha insha tangu kabla hujazaliwa, na mtoto anayekwepa swali ninamjua kwa mstari wa kwanza. Wanakuja Desemba au hawaji?

Mama


Lodwar
24 Oktoba 2025

Mama,

Natumai viazi, ndama na paka wote wako salama. Hapa tuko sawa. Nimehamishiwa zamu ya asubuhi, na ninalala vizuri zaidi, ingawa si sana.

Umenishika. Nitaandika bila kusimama, halafu nitaifunga bahasha kabla sijabadilisha nia.

Clifford hajambo kweli. Amekarabati mabomba ya nusu ya mji huu, na akirudi kutoka kazini hupika, tena huosha sufuria bila kutafuta mtu wa kumpongeza. Aliniomba jibu tangu Juni. Sijampa. Hajanisumbua, ananiuliza tu kama nimekula.

Sina ubaya na yeye, Mama. Ni nyinyi. Ndoa niliyoiona kwa karibu ni yenu tu. Nikiwa mtoto nilifikiri hivyo ndivyo watu wazima walivyo. Baba hurudi jioni, anavua viatu mlangoni, unampa kikombe, anakaa, na mambo yanakuwa sawa. Sikujua kama kitu hicho kinaweza kuvunjika. Sasa kama nyinyi, baada ya miaka yote hiyo, mmetenganishwa na karatasi ya friji, mimi na Clifford tutatenganishwa na nini? Kijiko?

Ninaogopa. Nimekuandikishia mshauri na mimi mwenyewe siwezi kumtazama mtu mwema usoni nikamwambia ndiyo.

Mama yake, Bi. Philister, ameshaongea na wajomba. Wanataka kuja Jumamosi tarehe sita Desemba. Wanangoja neno langu, na neno langu linangoja kujua Baba atakuwa upande gani wa uani siku hiyo. Sikulazimishi. Nimekuambia tu kwa sababu uliuliza.

Debra


Mutuini
21 Novemba 2025

Debra mwanangu,

Salamu kwanza, nikuambie nilivyo. Nina furaha, na nimechoka ingawa jana sikufanya kazi yoyote. Mvua imenyesha vizuri, mboga zimejaa. Ndama ameachishwa maziwa na analalamika kijiji kizima kisikie.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaenda kukata majani ya ng'ombe hadi mkono ukaniuma. Niliumia, mwanangu. Sikuwa nimefikiri kwamba godoro lile lilipovuka uani lilifika hadi Lodwar.

Sikumwonyesha baba yako. Hata Bi. Kasyoka sikumwambia. Ningeweza kuitoa siku yoyote, nikamwambia, Haron, ona unachomfanyia mtoto, naye angerudi kabla barua haijakunjwa. Lakini angerudi kwa ajili yako. Mimi nilitaka arudi kwa miguu yake. Kwa hiyo nikanyamaza na kuendelea kupika chai, na kila Alhamisi nikawa naogopa zaidi, maana tarehe sita inakuja.

Jana tulikaa kama kawaida, mimi kwenye meza kubwa, kikombe mbele ya kompyuta, baba yako huko kwake amevaa tai. Bi. Kasyoka hakuuliza atarudi lini. Alimuuliza swali lingine. "Mzee, hapo Nambari Nne una nini ambacho nyumbani huna?"

Nilisikia watoto wa Ogutu wakicheza nje. Kisha akasema, na hakutazama dari, alitazama kioo, yaani alinitazama mimi:

"Kila asubuhi nilikuwa na mahali pa kwenda. Na kwa sababu nilienda, jioni nilikuwa na mahali pa kurudi. Siku hizi sina pa kwenda. Nikikaa hapo ndani tangu asubuhi naona niko kama mgeni amekawia. Huyu mama anafagia, anazunguka miguu yangu. Ndio nikaanza kupanga vitu. Mtu anayepanga vitu anaonekana ana kazi."

Debra, miaka yote hiyo ninakaa na mtu huyu kwenye viti viwili vinavyotazama televisheni. Ilibidi awekwe kwenye kioo ndipo nimwone uso. Nikaona amezeeka, na kwamba alikuwa ameogopa, na mimi nilidhani ananikagua. Nikasukuma tu kikombe kidogo, kikaja katikati ya kioo.

Basi upande wake ukabaki kiti kitupu. Bi. Kasyoka akasema, "Naona mzee ametupotea, labda ni mtandao." Nikasema labda. Nikachomoa vidude vya masikio, nikasikia mlango wa jikoni. Mgeni huingia kwa mlango wa mbele na hubisha. Huyu aliingia wa jikoni bila kubisha, akavua viatu, akaja akakaa kando yangu, akakichukua kile kikombe na kukinywa chote bila kupumzika.

"Imepoa," akasema.

"Si yako," nikamwambia. "Ni ya mshauri."

Bi. Kasyoka alikuwa ameusogelea uso wake karibu na kioo. "Mzee, sasa uko wapi?"

"Niko nyumbani," baba yako akasema, na akamwomba radhi kwa kumaliza chai yake.

Tumepatana hivi. Godoro limerudi. Meza imebaki Nambari Nne. Asubuhi anavaa tai, namfungia kitu cha kula, anavuka uani kwenda kazini, kusikiliza malalamiko ya wapangaji na kutengeneza vitu. Jioni anarudi. Mikebe yangu haigusi. Ogutu amekuja kunishukuru kama vile mimi ndiye niliyempandisha baba yako cheo. Leo wameanza na gutter.

Kuhusu barua hizi, nimemwambia. Amesema alijua tangu zile avokado za kwanza. Ile yako ya Oktoba nilimpa aisome baada ya kikao, tayari amekaa. Aliisoma amesimama.

Viti nimekodi. Kama jibu lako kwa Clifford ni hapana, iwe kwa sababu yake, isiwe kwa sababu yetu. Na kama ni ndiyo, mwambie leo leo, amengoja vya kutosha.

Baba yako yuko hapa anataka kuongeza neno. Nimemwambia aandike kama mzazi, asiandike kama ofisi. Tuone.

Mama yako anayekupenda,
Wangeci

KWA: Maitu
KUTOKA: Nyumbani
KUH: CHAI

Rejelea maelezo ya mama yako hapo juu. Ni ya kweli, isipokuwa mahali pamoja.

Ile chai niliinywa, kwa hiyo ninaijua. Ilikuwa ya maziwa matupu, sukari vijiko vitatu, na tangawizi nyingi, kama ile yangu ya jioni nikirudi kazini. Bi. Kasyoka alisema siku ya kwanza, mimi nikisikia, kwamba hanywi maziwa, wala sukari, wala tangawizi. Mama yako alisikia pia. Aliendelea kuipika hivyo kila Alhamisi tangu Agosti, akiiweka mahali ambapo ningeiona.

Mimi ni mtu wa kumbukumbu na sikuelewa hadi kikombe kilipoisha. Nilikuogopesha, mwanangu, na ninasikitika. Njooni tarehe sita. Nitakuwa mlangoni, ule wa mbele.

Wako mwaminifu,
Baba

(Chini, kwa wino mwekundu:) Tisa kwa kumi. Sukari ilikuwa vijiko viwili. Cha tatu daktari alikukataza.